Mjomba Kambiz Alipewa Ukoko Wote

Nimewahi kumfanya profesa wa muziki anipe fidla yake mbele ya sebule iliyojaa wageni.

Sikumwibia. Sikumtishia. Alinikabidhi mwenyewe, kwa mikono yake miwili, kidevu kikimtetemeka kama mtoto aliyenyang'anywa peremende.

Fidla yenyewe ilichongwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Na mimi siwezi kupiga fidla. Siwezi kupiga hata filimbi ya refa.

Naomba mkae vizuri niwasimulie kwa heshima inayostahili. Ni kisa kizito. Kina wasomi ndani yake.

Naitwa Yekta. Nimezaliwa Vienna, ila nyumbani kwetu ukivuka kizingiti umeingia Tehran. Viatu tu ndivyo vinavyobaki Austria.

Nasoma kwa masista, bweni lililo huko milimani. Wamenifundisha Kilatini, sala za jioni, na namna ya kuomba msamaha kwa uso wa malaika.

Machi ile nilirudishwa nyumbani kabla ya likizo. Kuna mtu alikusanya saa za kengele za bweni zima akazificha ndani ya kinanda cha kanisa, zikalia zote askofu akiwa katikati ya mahubiri ya unyenyekevu.

Mtu huyo hajapatikana hadi leo. Mimi walinirudisha kwa kukisia tu.

Kwa hiyo mwaka wetu mpya, Nouruzi, ulinikuta nyumbani. Na nyumbani kulikuwa na Mjomba Kambiz.

Jamani. Mjomba Kambiz.

Ni kitinda mimba wa Bibi, mdogo wa mama yangu. Anapiga setari, ndugu mwembamba wa gambusi, shingo ndefu, tumbo dogo kama peasi. Anavaa shali ya hariri hata anapotupa taka. Kwenye mabango yake anatazama mbali, kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita.

Yeye na mwenzake wana kundi linaloitwa Daraja. Linaunganisha Mashariki na Magharibi. Hayo si maneno yangu, yameandikwa kwenye mabango.

Mwenzake ndiye huyo Profesa Prohaska, Mvienna wa kuzaliwa, mpiga fidla. Alikwenda Isfahan mara moja akarudi na ndara za kushonwa kwa mkono na neno moja, "jan", yaani mpenzi. Tangu hapo kila kitu kwake ni jan. Bibi-jan. Chai-jan. Siku moja nilimsikia akiliambia tramu lililomwacha kituoni, "Subiri, tramu-jan!"

Muziki wao nimeusikia mara nyingi, kwa amri ya mama.

Unakwenda hivi. Kwanza Mjomba anahutubia. Hotuba ni ndefu kuliko wimbo, na inaishia palepale siku zote: "Muziki hauna mipaka." Kisha anapiga jambo lake la huzuni. Profesa anapiga jambo lake lingine la huzuni. Halafu wote wawili wanafumba macho.

Hapo ndipo tamaduni zinapokutana. Gizani. Na hazisalimiani.

Lakini kuna jambo moja lililonifanya niwadharau kutoka moyoni, siyo kwa utani.

Shingo ya setari imefungwa nyuzi za utumbo zinazomwonyesha mpigaji pa kubana kidole. Baadhi ya nyuzi hizo ndizo zinazotoa zile sauti zetu zinazokaa katikati ya sauti, ambazo hazipo kwenye piano ya Mzungu. Ukizisikia unamkumbuka mtu, hata kama humjui ni nani.

Mjomba alizikata. Za katikati zote. Eti zinamkwaza Profesa.

Sasa niambieni nyinyi. Fidla haina kizuizi hata kimoja shingoni. Kidole kinateleza kinakotaka. Ingeweza kutufuata sisi bila kuvunjika kitu. Lakini aliyekatwa ni nani?

Bibi Turan, mama yake Mjomba, aliwasikia mara moja tu. Walipomaliza akamwuliza mwanawe, "Kambiz jan, hili daraja lenu, mbona watu wote wanatembea kuelekea upande mmoja?"

"Mama, muziki hauna mipaka."

"Hata choo kina mipaka, mwanangu."

Huyo ndiye Bibi yangu. Na Bibi yangu ana piano.

Babu alimnunulia alipomzaa mama yangu. Ilikuja kutoka Tehran kwa lori, imefungwa katika zulia, na kila aliyewaona mpakani aliwacheka. Bibi huikaza nyuzi mwenyewe, kwa ufunguo wa chuma anaouficha ndani ya soksi. Huilinganisha sauti kwetu-kwetu, na zile sauti za katikati zikiwemo. Mgeni akiigusa anadhani imeharibika.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bibi hupiga. Hasemi na mtu mpaka amalize.

Babu amekufa. Mashoga zake wamekufa. Kilichobaki kinachomjibu kwa lugha yake ni piano ile.

Nayo ni mgonjwa. Mbao ya ndani, inayoshika vigingi vya nyuzi, ina ufa. "Ukiikaza ifike kwenye sauti zao," Bibi aliniambia zamani, "itapasuka katikati. Hii ni ya kuishi nayo taratibu, kama mzee mwenzio."

Shikeni hilo.

Siku ya pili ya mwaka mpya Profesa alikuja kumsalimia Bibi. Sebule ilijaa jamaa na majirani wa Kiajemi. Mezani kulikuwa na samaki wa dhahabu kwenye bakuli lake, majani mabichi ya ngano kwenye sahani, na pistachio ambazo mimi nilikuwa nazirudisha maganda tu.

Profesa akazunguka, ndara zikiburuzika, akasimama mbele ya piano. Akabonyeza kidogo. Akafumba macho, bila shaka.

"Piano nzuri kweli hii, Bibi-jan."

Kabla Bibi hajafungua kinywa, Mjomba alikuwa amesimama, shali imekaa vyema.

"Ni yako, Profesa."

Hapa lazima niwakalishe darasani kidogo.

Kwetu kuna kitu kinaitwa taarofu. Ni adabu ya kupitiliza. Ukisifia koti langu, nakwambia lichukue. Dereva wa teksi akifika anakwambia, ah, bure tu kwa ajili yako. Nawe unakataa, yeye anasisitiza, unakataa tena, kisha koti linabaki kwangu na nauli inalipwa, na wote tunajiona watu wema. Ukichukua kweli, umekuwa kama yule aliyeambiwa "jisikie uko kwako" akavua suruali.

Kwa hiyo Mjomba aliposema "ni yako", hakuna aliyeshtuka. Mimi niliendelea na pistachio.

"Hapana, Kambiz-jan," Profesa alisema. "Siwezi."

"Nakuapia, ichukue."

"Hapana, hapana. Ni ya mama yako."

"Mama yangu ni mama yako. Ichukue."

"Ni zawadi kubwa mno kwangu."

Nikafurahi. Mzee kasoma, nikawaza. Kakataa mara tatu, kama inavyotakiwa. Sasa Mjomba atacheka, chai italetwa, yameisha.

Mjomba hakucheka.

"Ukikataa tena, Profesa, umenivunjia heshima mbele ya watu hawa wote."

Bibi alikuwa anamimina chai. Mkono ukasimama hewani.

Profesa akaweka kiganja kifuani, akainama taratibu.

"Basi napokea."

Nilimsikia samaki akigeuka kwenye bakuli.

Kisha watu wakapiga makofi, maana wangefanya nini? Profesa, mwenye furaha zake, akatueleza kwamba gari litakuja Jumanne. Piano itakaa kwenye ukumbi wa chuo chake cha muziki, na fundi wake ataikaza ilingane na vyombo vingine, ili siku ya tamasha Mashariki na Magharibi viimbe kwa sauti moja.

Aikaze.

Nilimtazama Bibi. Alimaliza kumimina chai. Hata tone halikumwagika.

Kesho yake jioni, jikoni, nilimvaa mama.

"Si mumwambie hapana?"

"Nani amwambie?"

"Yeyote! Bibi!"

"Yekta, neno limetoka kinywani mwa mwanawe mbele ya watu. Bibi yako akilirudisha, amemvua nguo Kambiz hadharani. Hatafanya hivyo hata umkate kidole."

"Basi Mjomba mwenyewe aseme."

"Mjomba wako ni mjinga. Alizidisha taarofu, ulimi ukamtangulia. Sasa anaona haya." Mama alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. "Yamekwisha."

Nilikwenda sebuleni. Bibi alikuwa anaifuta piano vumbi, kifuniko kimefungwa. Asubuhi ile hakuwa amepiga.

"Bibi, wataiua."

"Najua."

"Sema neno moja tu."

"Neno lilishasemwa, binti yangu."

"Aliyesema siyo wewe."

"Aliyesema nilimzaa mimi."

Akaendelea kufuta.

Basi. Mimi si mtu wa kulia. Masista wanaweza kushuhudia. Mimi nikihuzunika huwa natafuta pa kuficha saa za kengele.

Na pa kuficha nilipaona kitandani, nikiwa nahesabu nyufa za dari. Mwaka mpya una sheria: aliyekutembelea, sharti umrudishie matembezi. Profesa alikuja kwetu. Jumapili, kabla ya gari la Jumanne, sisi tulikuwa tunakwenda kwake. Daraja wangepiga, wageni wangekuwepo, waheshimiwa wa chuo pia.

Na Profesa ana maradhi mamoja yanayojulikana. Anataka kuwa Mwajemi kuliko Waajemi.

Sikumwambia mtu. Bibi tu ndiye aliyenitazama mlangoni wakati tunatoka, akaninusa kama anavyonusa wali unaotaka kuungua.

"Unapanga nini wewe?"

"Mimi? Nampelekea Profesa salamu za mwaka mpya."

"Mh," Bibi alisema. "Vaa soksi safi."

Nyumba ya Profesa ilikuwa na mazulia ukutani na samova, lile birika letu kubwa la chai, iliyooteshwa maua. Tulikaribishwa chai kwenye bilauri zetu ndogo za kiuno chembamba, nayo ilikuwa na maziwa. Kwetu chai hunywewa kavu, donge la sukari umelibana kwa meno. Bibi aliinywa kama dawa ya minyoo, akasema ni tamu.

Ndiyo taarofu hiyo. Mnaona inavyoua?

Mjomba akahutubia. Nyuma yangu mama mmoja wa Kivienna alianza kukoroma kwa heshima. Muziki hauna mipaka. Hotuba nayo haikuwa nayo.

Wakapiga. Wakafumba macho. Tukapiga makofi, na kabla hayajaisha nikasimama.

"Profesa jan," nilisema, kwa ule uso wa malaika. "Maisha yangu yote sijaona fidla nzuri kama hii."

Sebule nzima ikageuka. Profesa akachangamka. Huyu hapa mtoto wa Kiajemi, anasifia kitu chake, mbele ya watu! Na yeye anajua kinachofuata! Niliona kabisa akijipanga, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali pekee alilosoma.

"Ni yako, Yekta-jan!"

Wageni wakaguna kwa kupendezwa. Mama alinivuta sketi.

"Hapana, Profesa. Siwezi."

"Nasisitiza!"

"Hapana, hapana. Ni mkono wako wa kulia huu."

"Mkono wangu ni mkono wako. Ichukue!" Akawageukia waheshimiwa wa chuo, uso unang'aa. "Mnaona? Hii ndiyo taarofu. Ni ushairi mtupu."

"Ni zawadi kubwa mno kwangu," nikasema. Hiyo ilikuwa ya tatu. Nikamsubiri.

Profesa angeweza kuishia hapo. Angecheka, mimi ningekaa. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na mtu akitazamwa huwa anaongeza chumvi.

"Ukikataa tena," alisema, "umenivunjia heshima mbele ya watu hawa wote."

Nikaweka kiganja kifuani. Nikainama taratibu.

"Basi napokea."

Kimya kilichoshuka pale, masista wangu wangekilipia.

Nilitegemea aruke. Nilitegemea aseme, "We mtoto, huu si mchezo?" Nami ningejibu, "Ndivyo ulivyofanya kwa Bibi," piano ingerudi, na mimi ningeingia kwenye historia.

Hakuruka.

Aliitazama fidla. Akaifuta mgongo kwa kitambaa chake. Kisha akanipa, kwa mikono miwili, kidevu kikimcheza.

Ilikuwa nyepesi mno. Hilo ndilo ninalolikumbuka.

"Sasa naelewa," alisema kwa sauti ndogo.

"Unaelewa nini?" Malaika wangu alianza kutokwa jasho.

"Inauma. Kambiz aliniambia haiumi."

"Nini haiumi?"

"Kutoa. Aliniambia mama yake anatamani kuitoa ile piano, lakini adabu yenu hairuhusu mwanamke mzee aseme wazi. Kwamba lazima ipitie kwenye taarofu." Alikuwa anasema nami, lakini alimtazama Mjomba. "Ndiyo maana tulifanya mazoezi."

"Mazoezi?"

"Hapahapa. Yeye anatoa, mimi nakataa mara tatu, ya nne napokea. Mkono kifuani. Alinirudisha tena na tena kwenye kuinama, alisema nainama kama Mjerumani."

Jamani.

Halikuwa kosa. Ulimi haukumtangulia. Jambo pekee ambalo Daraja liliwahi kulifanyia mazoezi mpaka likakamilika ni kumnyang'anya Bibi yangu piano.

Na mimi, niliyemtegea askofu mzima, nilikuwa nimechezewa shere na mtu mwenye shali.

"Na wewe ulimpa nini?"

Aliyeuliza ni Bibi. Aliuliza kwa Kijerumani kilichonyooka, ambacho mimi sikuwahi kumsikia akikitumia hata sokoni. Sebule yote ilielewa. Ndiyo maana alikitumia.

Profesa akababaika. "Nilimpendekeza chuoni. Afundishe kuanzia vuli. Kwa cheo cha profesa." Akawaangalia waheshimiwa, masikio mekundu. "Alisema kwenu zawadi hujibiwa kwa zawadi."

Niwaambie kitu kuhusu Vienna. Hapa mtu anaweza kuishi bila figo moja, lakini hawezi kuishi bila cheo kwenye kengele ya mlango.

"Mama, nilitaka kukueleza," Mjomba alianza. "Ni kwa ajili ya utamaduni wetu. Ile piano imefichwa pale kwenye kona, inaonwa na nani? Chuoni ingeonwa na dunia."

"Ingeonwa," Bibi alisema, "ikiwa maiti."

"Ni chombo tu! Hata sauti zake haziko sawa, Mama! Kila nikileta mtu nyumbani, ukianza kupiga, wananitazama. Unajua navyojisikia? Miaka yote hii nawaambia sisi ni sawa na wao, halafu wewe..."

Akasita. Shali ilikuwa imemtoka bega moja.

Ukweli ulikuwa umetoka, na haukuhitaji setari. Hakuwa anajenga daraja. Alikuwa anahama, na mama yake ni mzigo uliobaki upande wa pili.

 Bibi aliinuka, akavaa viatu vyake pole pole, mguu mmoja, kisha mwingine. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Yekta," alisema. "Beba fidla. Twende."

Nikabeba. Nani angebisha?

Kwenye tramu mama alikuwa analia kimya, Bibi anaangalia nje, na mimi nimepakata fidla isiyo na bei kama mwanakondoo wa wizi.

Asubuhi Bibi akanituma niirudishe.

Mlango ulifunguliwa na Profesa, ndara miguuni, macho yamevimba.

"Profesa, shika fidla yako."

"Hapana," alisema. "Ni yako."

Nikacheka.

"Chukua, tafadhali."

"Neno langu ni neno langu."

Nikacheka kidogo.

"Profesa, nakusihi."

"Siwezi, Yekta-jan. Nilikupa mbele ya watu."

Hiyo ilikuwa ya tatu.  Huyu akikataa na ya nne, nikawaza, mimi nitazeeka nayo. Nikaiweka kwenye zulia la mlangoni nikashuka ngazi mbili mbili.

Gari la Jumanne halikuja. Profesa alilizuia mwenyewe, na pendekezo lake akaliondoa chuoni, bila kupiga kelele.

Baadaye alikuja kwa Bibi. Hakuwa amevaa ndara, alivaa viatu vya kawaida vya mzee wa Kivienna, vya kamba. Hakusema jan hata mara moja. Aliomba asikie.

Bibi akabonyeza sauti moja, moja ya zile za katikati. Profesa akaitafuta kwenye fidla, kidole kikiteleza juu, chini, juu.

"Bado," Bibi alisema.

Akatafuta tena.

"Bado."

Hadi naandika hapa hajaipata sawasawa. Anapiga kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa. Lakini angalau anatafuta, na macho kayafumbua.

Sasa mnataka kujua Mjomba alifanywa nini.

Sisi tulisubiri radi. Mama zetu wana silaha za kutosha: kandambili, laana, kuzimia. Siku zikapita, Bibi kimya. Usiku wa kufunga sikukuu, familia nzima huja kula kwake. Mjomba akaja. Alisimama mlangoni bila shali, ameshika boksi la keki, ameinamisha kichwa tayari kupigwa.

Lakini kwanza niwaeleze ukoko.

Bibi akipika wali, chini ya sufuria hubaki ukoko wa rangi ya dhahabu, unaolia kama bati ukiuvunja. Nyumbani kwetu ukoko haugawiwi. Unagombaniwa. Kila mwaka Mjomba Kambiz, mtu mzima mwenye mvi, huupelekea mkono kabla sinia haijatua, na kila mwaka Bibi humchapa kwa mwiko. "Toa mkono, mbwa we!" Nasi wote tunacheka, naye anapuliza vidole, na kipande anacho.

Usiku ule Bibi alimfungulia mlango mwenyewe.

"Karibuni, Profesa," alisema. "Mmetutia heshima kubwa. Tusameheni kwa usumbufu wa ngazi."

Karibuni. Mmetutia. Tusameheni. Kwa wingi, kama tunavyowasemesha wageni wakubwa, wale tusiowajua.

Mama akaweka sahani chini taratibu.

"Mama?" Mjomba alisema.

Bibi akachukua boksi la keki kwa mikono miwili. "Mmejisumbua bure. Ninyi wenyewe ni zawadi." Akampa ndara za wageni. Akamkalisha kwenye kiti cha wageni, kile cha juu, ambacho hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kukikalia.

Wali ukaja. Mjomba hakupeleka mkono. Bibi akatwaa ukoko, mzima mzima, duara kama mwezi, akauweka kwenye sahani ya Mjomba.

Wote.

"Kuleni, Profesa. Haulingani na hadhi yenu, ila ndio tulio nao."

Mjomba akautazama ukoko. Kisha akautazama mwiko, uliokuwa umelala mezani karibu na mkono wa Bibi.

"Mama, nipige."

"Mungu apishe mbali," Bibi alisema, akimmiminia chai. "Mgeni hapigwi."

Mjomba akanyoosha mkono wake mezani, kiganja chini, kama mtoto. Akauacha hapo. Bibi alizungusha bilauri ya chai ipite pembeni ya vidole vyake bila kuvigusa, akaniuliza mimi kama nimeshiba.

Mjomba alikula. Meza nzima ilisikia ukoko ukivunjika, kipande kwa kipande, na hakuna aliyeomba hata kimoja.

Kesho yake Bibi alipiga piano kabla ya chai. Sauti za katikati zote zilikuwepo.

Mimi ni msichana wa utani, masista watawaambia, na mafundisho si kazi yangu. Lakini kisa hiki nimekibeba hadi bwenini na bado hakijanitoka, kwa hiyo nawaachia na nyinyi mkibebe.

Ukijenga daraja, angalia nguzo umeisimika kwenye mgongo wa nani.

Na siku utakayokwenda kwa mama yako, akakuita kwa cheo chako na kukupa ukoko wote bila kukuchapa, usishukuru. Rudisha ulichochukua, kama bado kipo.